Neno la Mhariri: Hofu Ina Mwenyewe

Toleo hili tumelitenga kwa hadithi za kutisha na za taharuki. Katika miswada iliyotufikia, buibui amejitokeza kuliko majini, mizimu na wachawi. Katika mingi anavimba hadi kuwa dubwana, kisha anakula watu. Hiyo hatukuichapa. Tumechagua michache ambamo buibui anatisha kwa sababu, na sababu hiyo inastahili kuelezwa.

Buibui halisi hana ugomvi nasi. Wanasayansi wamekwisha kuorodhesha zaidi ya aina 50,000 za buibui, na ni chache mno zenye sumu ya kumdhuru mtu vibaya. Kando ya Ziwa Viktoria, Kenya na Uganda, yupo buibui mdogo arukaye aitwaye Evarcha culicivora. Windo analolipenda ni mbu jike aliyeshiba damu, hasa wa Anofelesi, yule yule anayetuletea malaria. Kama kiumbe mwenyewe hana kosa, basi hofu iliyomo kitabuni imetoka kwingine. Mwandishi hodari huitafuta kwa binadamu.

Jeremias Gotthelf, mchungaji wa Uswisi, alilijua hilo mwaka 1842 alipoandika Die schwarze Spinne. Wanakijiji walioelemewa na amri za mtawala katili wanakubali msaada wa shetani, na malipo yake ni mtoto ambaye hajabatizwa. Christine, aliyefunga mapatano hayo, anabusiwa shavuni. Wanakijiji wanapojaribu kukwepa deni, pale palipobusiwa panavimba na kuzaa buibui, kisha mifugo na watu wanapukutika kama kwa tauni. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Kinachomshika msomaji ni kwamba kijiji kizima kilijua, na karibu wote walinyamaza.

Mwingereza M. R. James naye, katika “The Ash-tree”, hadithi iliyomo kwenye kitabu chake cha 1904, anaanza na mwanamke aliyenyongwa kwa tuhuma za uchawi kutokana na ushahidi wa bwana mwenye shamba. Bwana huyo anakutwa amekufa kitandani, mwili umekuwa mweusi. Miaka mingi baadaye mjukuu wake anafia chumba kile kile, chenye dirisha linaloelekea mti mkubwa. James hatuonyeshi buibui mpaka karibu na mwisho. Kabla ya hapo tunapata vivuli na vishindo vidogo tu, huku ile hukumu ya zamani ikituelemea moyoni.

Sinema ilipita njia zote mbili, ile ya dubwana na ile ya hofu itokayo kwa binadamu. Mwaka 1955, Jack Arnold aliongoza Tarantula, ambamo buibui aliyekuzwa maabara anatoroka na kuleta maangamizi katika jangwa la Marekani, hadi ndege za kivita zinapomteketeza. Mwaka 1957, mwongozaji huyo huyo akaleta filamu iliyotokana na riwaya ya Richard Matheson, The Shrinking Man. Safari hii aliyebadilishwa kimo ni mtu. Scott Carey anasinyaa siku hadi siku, anapoteza heshima na nafasi yake katika ndoa, mwishowe amenaswa chini ya nyumba yake mwenyewe, akipigana kwa pini na kiumbe ambaye zamani angemkanyaga bila kumtazama mara mbili. Kwangu mimi filamu hii ya pili inaishinda ya kwanza mbali sana, maana kila mtu anaijua hofu ya kupungua mbele ya wale waliokuwa wakimheshimu.

Waandishi wetu wanayo mengi ya kufanyia kazi: mirathi iliyodhulumiwa, ajuza aliyeitwa mchawi na kuuawa, kiapo kilichovunjwa. Kabla hujamwingiza buibui chumbani, amua kwanza nani alikosa, nani alifaidika na nani alijua akanyamaza. Ukishayajua hayo, hata buibui wa ukubwa wa kawaida atatosha kumnyima msomaji usingizi. Kwa kipimo hicho tulizichagua hadithi za toleo hili, na kwa kipimo hicho hicho tunaomba mzihukumu.