Ukuta wa besimenti: mhuri wa kiwanda peke yake hautoshi

Tangu lile ghorofa la Kariakoo lianguke tarehe 16 Novemba 2024 na kuua watu zaidi ya 20, mtaani kila mtu kawa injinia. Huyu anasema nondo, yule anasema simenti, mwingine rushwa. Mashuhuda walisema chini kulikuwa kunachimbwa ili ipatikane nafasi ya maduka. Uchunguzi tuwaachie wenye kazi yao. Mimi leo nataka tuongelee kitu ambacho mpita njia hakioni: ukuta wa besimenti, hasa zile kuta za zege zinazomwagwa kiwandani, zikaja saiti kwenye lori na kusimamishwa kwa kreni.

Ukuta wa juu kazi yake kubwa ni kubeba uzito. Ukuta wa besimenti unasukumwa ubavuni na udongo usiku na mchana. Chukua kina cha mita 3, udongo wa kawaida na mkavu: kila mita moja ya urefu wa ukuta inasukumwa na kama tani 4. Maji yakijaa nyuma yake mpaka juu, inapita tani 6. Sasa chimba mita 6. Mzigo hauwi mara mbili jamani, unakuwa mara nne! Na hapo bado malori yanayopaki juu na msingi wa jirani. Ndiyo maana nikisikia "bosi, tuongeze mita moja tu", mwili unanisisimka.

Ukuta huu unashikwa chini na msingi, juu na slabu. Kabla slabu haijakaa, ni kama mlango usio na bawaba.

Zege la kiwandani silipingi. Kule mchanganyiko unapimwa, fomu zimenyooka, zege linamwagiliwa siku zake. Mara nyingi ni bora kuliko la koleo na ndoo. Lakini kiwanda kinathibitisha kipande. Jengo linasimama kwa maungio, na maungio yanafanyika saiti.

Waingereza walilijua hilo kwa damu. Tarehe 16 Mei 1968, mashariki mwa London, jengo la Ronan Point la ghorofa 22, la vipande vya zege vya kiwandani, lilipata mlipuko wa gesi ghorofa ya 18. Ukuta ukasukumwa nje, na kona nzima ikaporomoka. Watu 4 walikufa, jengo lenyewe jipya kabisa. Kanuni zao zikabadilishwa mwaka 1970. Na lilipobomolewa mwaka 1986, maungio mengi yalikutwa hayakujazwa vizuri.

Marekani kuta hizi za kiwandani zinatumika pia kwenye nyumba za familia. Kanuni yao ya nyumba za makazi inadai michoro inayoonyesha mizigo, aina ya udongo na maungio. Inadai pia lebo ya mkaguzi asiye mtu wa kiwanda. Tena udongo haurudishwi nyuma ya ukuta mpaka ukuta upate nguvu na ufungwe kwenye sakafu ya juu au uegemezwe, labda kama ujazo wenyewe haufiki futi 4. Mfumo mpya ambao haumo kwenye kanuni? Lete majaribio na mahesabu, mkaguzi aridhike kwamba haupungukiwi kitu.

Sasa tuje kwetu. Mtu akileta cheti cha nje, tusichanganyikiwe na mihuri. Cheti cha nyumba ya familia hakijui udongo wa Kariakoo, wala hakijui kwamba jirani yako yupo ukuta kwa ukuta. Bodi ya Usajili wa Wahandisi inasajili injinia, Bodi ya Usajili wa Makandarasi inasajili mkandarasi, manispaa inatoa kibali. Sawa. Ila mimi nataka majina na saini kwa mambo manne: nani kapima udongo na maji? Nani kahesabu maungio? Nani kasimama pale yanajazwa? Nani karuhusu udongo urudishwe? Kama mmoja hajulikani, huo ukuta haujakubaliwa, hata uwe na mihuri kumi.

Kumbukeni Mtaa wa Indira Gandhi, 29 Machi 2013: watu 36 walikufa. Baada ya msiba kila mtu anatafuta aliyesaini. Mimi nasema tumtafute kabla shimo halijachimbwa.

Wanaouza simu na nguo kwenye hivyo vichumba vya chini ni sisi vijana. Wenye majengo wanalala kwingine. Kwa hiyo kuuliza siyo umbea, ni haki yako kabla hujalipa kodi ya fremu.

Mafundi na mainjinia mnaopita hapa, mwageni uzoefu wenu: saiti zenu udongo unarudishwa kabla au baada ya slabu?