Kwa nini lenzi maalumu za kamera hutoweka sokoni

Mpiga picha wa Eldoret anayewafuata wanariadha kwa lenzi ndefu hana budi kutambua kwamba chombo hicho hakiondolewi sokoni kwa ubovu. Wateja wake ni wachache, ilhali vioo vyake ni ghali mno kuvitengeneza. Isitoshe, mwaka 2018 Canon na Nikon zilizindua kamera zisizo na kioo cha kuakisi, zenye mfumo mpya wa kufungia lenzi. Tangu hapo, lenzi nyingi za mfumo wa Canon wa mwaka 1987 zimekoma kuundwa.

Kweli, kipo kiungo kinachoziwezesha kutumika kwenye kamera mpya. Hata hivyo, kiungo hakileti vipuri, na hapo ndipo penye mtego. Mota inayosogeza vioo ikiungua, fundi hulazimika kuichopoa nyingine kwenye lenzi iliyokufa.