Deni la Nchi Hulipwa na Nani?

Juma hili tuzungumze habari ya deni, wala si deni la dukani, bali deni la nchi nzima. Wengi hudhani jambo hili ni la wakubwa wa Benki Kuu na wizara. Sivyo. Deni la nchi huanza ofisini, likaishia jikoni kwa mama wa kijijini.

Tutazame kwanza Ugiriki, nchi iliyo kusini mwa Ulaya. Wazee wa Tanga na Morogoro wawajua Wagiriki tangu zamani, maana walikuwa na mashamba ya mkonge huku kwetu. Mwaka 2001 nchi yao ilijiunga na fedha ya yuro. Kwa kuwa sasa iliaminiwa, ikakopeshwa kwa riba ndogo, nayo ikakopa kupita kiasi. Mwaka 2009 serikali mpya ilifungua daftari, kumbe pengo kati ya mapato na matumizi lilikuwa kubwa kuliko lilivyoandikwa! Wakopeshaji wakaogopa. Mwaka 2010 nchi za Ulaya na Shirika la Fedha la Kimataifa wakaahidi mkopo wa yuro bilioni 110, kwa masharti: mishahara ipunguzwe, pensheni za wazee zipunguzwe, kodi iongezwe.

Kukopa harusi, kulipa matanga. Mwaka 2013 zaidi ya robo ya watu wenye nguvu za kufanya kazi walikosa kazi. Mwishoni mwa Juni 2015 mabenki yakafungwa, na mtu akaruhusiwa kutoa yuro 60 tu kwa siku. Tarehe 5 Julai wananchi walipiga kura, na zaidi ya watu 60 katika kila 100 wakayakataa masharti. Lakini baada ya juma moja tu Waziri Mkuu Alexis Tsipras aliyakubali mengine makali. Si kwamba hakuisikia kura. Sanduku lilikuwa tupu.

Basi tusiwacheke Wagiriki. Sisi tulipita njia hiyo kabla yao.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Mwaka 1978 Idi Amin alituvamia, na vita ikala fedha nyingi. Mafuta yakapanda bei mwaka 1979, kahawa ikashuka, na mashirika mengi ya umma yalikuwa yakipata hasara. Waziri wa Fedha, Edwin Mtei, aliona yafaa tupatane na Shirika la Fedha la Kimataifa. Mwalimu Nyerere akakataa masharti yao, hasa kupunguza thamani ya shilingi, na Mtei akajiuzulu mwaka 1979. Mwanzoni mwa mwaka 1980 Mwalimu aliuliza mbele ya mabalozi: tangu lini Shirika hilo limekuwa wizara ya fedha ya mataifa yote? Mwaka huohuo palifanywa mapatano, yakavunjika upesi.

Kukataa huko kulikuwa na heshima yake. Lakini kulikuwa na bei pia, na bei hiyo wazee wa Kariakoo waijua. Sabuni, sukari, khanga na mafuta ya kula viliadimika. Watu walipanga foleni tangu alfajiri, na majina yakapita kwa balozi wa nyumba kumi. Ulikuja unga wa mahindi ya njano kutoka ng'ambo, watu wakauita Yanga kwa rangi ya timu ile. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine alianza kuwasaka walanguzi, na wengine wakatupa bidhaa zao usiku. Vijijini mkulima aliuza pamba yake, asipate hata jembe la kununua.

Mwaka 1986, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, tulikubali. Maduka ya Kariakoo yakajaa bidhaa, na watu wakashukuru. Lakini na kukubali nako kulikuwa na bei yake. Mwanzoni mwa mwaka huo dola moja ilikuwa kama shilingi 17. Mwaka 1990 ilikaribia shilingi 200. Mbolea na dawa zikapanda. Hospitali za serikali zikaanza kutoza wagonjwa. Karo ya shule ya msingi, iliyorudi katika miaka hiyo ya 1980, iliendelea kudaiwa, na watoto wengi hawakuandikishwa. Sisi tulioanza shule siku za karo twakumbuka wenzetu waliorudishwa nyumbani, wengine wasirudi tena. Mtoto wa namna hiyo hakukopa hata senti. Hakuwa amezaliwa mkopo ulipotiwa sahihi.

Mwaka 1994 Papa Yohane Paulo II aliandika kwamba Jubilei ya mwaka 2000 iwe nafasi ya kupunguza sana, kama si kufuta kabisa, madeni ya nchi maskini. Makanisa mengi yalishika neno hilo. Mwaka 2001 Tanzania ilisamehewa sehemu kubwa ya deni lake, na mwaka huohuo serikali ikatangaza kufuta karo ya shule ya msingi. Madarasa yakafurika. Hapo ndipo wengi walipojua uzito wa mzigo uliokuwa umewalalia.

Twajifunza nini? Si kwamba kukopa ni dhambi. Anayekopa mbegu atavuna. Anayekopa pombe hatavuna kitu. Nchi nayo hukopa, na leo yetu yakopa bado. Twajifunza kwamba asiyekopa ndiye alipaye, na kwa hiyo ana haki ya kuliona daftari kabla, si baada. Wagiriki walionyeshwa daftari la kweli wakati nyumba imekwisha kuwaka moto.

Ninyi wazazi mna njia. Taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa hesabu za serikali hupelekwa Bungeni kila mwaka mwezi Aprili, na bajeti husomwa Dodoma mwezi Juni. Sikilizeni redioni, kisha mwulizeni mbunge wenu: mkopo huu umenunua nini? Tena anzeni nyumbani. Mkutano mkuu wa kijiji yapasa uitwe kila miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe. Kama hayakusomwa, mmoja na asimame aulize kwa adabu. Asiposikilizwa, wa pili asimame.

Hadi juma lijalo, kwaherini.