Gumbo ya watoto isiwe gumbo pungufu

Desturi ya kumpikia mtoto chakula chake peke yake imeingia katika nyumba nyingi za Waswahili tulioko Marekani, na mimi siipendi. Baba na mama wanakula wali na mchuzi, mtoto amewekewa vipande vya kuku vilivyotoka kwenye friza na makaroni ya boksi. Sababu ni zile zile kila nyumba: chakula cha wakubwa kina pilipili, kina mifupa, kinateleza, mtoto hatakila. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nakaa New Orleans, nimeoa katika familia ya Wakrioli wa mji huu, na nimeona jinsi sufuria moja ya gumbo inavyolisha ukoo mzima, tangu bibi aliyebakiwa na meno machache hadi mtoto anayeota ya kwanza. Hakuna anayepikiwa pembeni.

Kwa ambaye hajaionja, gumbo ni mchuzi mzito wa Louisiana unaoliwa na wali. Msingi wake ni unga wa ngano uliokaangwa kwenye mafuta mpaka ukageuka kahawia, unaitwa ruu. Juu ya ruu huingia vitunguu, pilipili hoho na selari, ambavyo wapishi wa hapa wanaviita utatu mtakatifu, kisha supu, kuku, soseji ya moshi, kamba na kaa. Wengine huifanya nzito kwa bamia. Wengine hutumia unga wa majani ya mti wa sasafrasi, ujuzi waliojifunza kwa Wachoctaw, wenyeji wa nchi hii. Meli mbili za kwanza zilizoleta watumwa kutoka Afrika zilifika Louisiana mwaka 1719, na manahodha walikuwa wameagizwa walete pia mbegu za mpunga pamoja na watu wanaojua kuulima. Wali ulio chini ya mchuzi huu una historia hiyo. Mwaka 2004 jimbo la Louisiana liliitangaza gumbo kuwa chakula chake rasmi, lakini nyumba za hapa hazikungoja tangazo.

Mwaka 2016 kampuni ya Disney ilitoa mtandaoni mapishi ya gumbo “ya afya” kwa jina la Tiana, binti wa New Orleans aliye shujaa wa filamu yao ya mwaka 2009. Ruu haikuwamo. Mlikuwa na majani ya kale, jamaa ya sukuma wiki, na nafaka ya kinoa. Watu wa Louisiana walighadhibika, wakasema waziwazi, na mapishi yale yakaondolewa. Kuna waliodhani ni ghadhabu za bure kwa ajili ya mchuzi. Mimi niliwaelewa. Kilichowachoma ni dhana kwamba chakula cha bibi zao hakifai kupewa watoto mpaka kwanza kikarabatiwe.

Na ukarabati wenyewe haukuwa na haja, kwa sababu gumbo ya majani ipo tangu zamani. Inaitwa gumbo z'herbes. Leah Chase, mpishi mkuu wa mgahawa wa Dooky Chase's katika mtaa wa Tremé, aliyefariki mwaka 2019 akiwa na miaka 96, alikuwa maarufu kwa gumbo hiyo aliyoipika Alhamisi Kuu: majani ya haradali, sukuma wiki, spinachi, kabichi na mengineyo. Hesabu ya aina za majani lazima iwe witiri, na wenyewe husema kila aina ni rafiki mpya utakayempata mwaka huo. Mzazi anayetaka mwanawe ale mboga aanzie hapo. Isitoshe, katika filamu ile ile Tiana akiwa mtoto anapika gumbo na baba yake, kisha majirani wanaitwa kibarazani kuja kula. Wote wanapakuliwa kutoka sufuria moja.

Nianze na pilipili, maana ndiyo inayotajwa kwanza. Kwa mama mkwe wangu pilipili kali haiingii jikoni. Sufuriani huingia pilipili manga ya kiasi, kitunguu saumu na majani ya bay, basi. Chupa ya pilipili inakaa mezani, na kila mtu anajitilia anavyoweza. Unga wa sasafrasi nao unakaa mezani, tena huo una sababu ya ziada: ukichemshwa unaufanya mchuzi uvute nyuzinyuzi. Adabu ya meza hiyo ni moja, onja kwanza. Leah Chase alisimulia jinsi alivyomkaripia Barack Obama, kabla hajawa rais, kwa kuitia gumbo yake pilipili ya chupa. Watoto wangu wanaipenda sana hadithi hiyo, kwamba hata rais ana wa kumkanya mezani.

Sasa ruu, na hapa ndipo watu wengi wanapolipua kazi. Kipimo changu ni kikombe 1 cha mafuta na kikombe 1 cha unga kwa lita 3 za supu, na kinatosha watu 10. Sufuria iwe nzito, mwiko uwe na ncha bapa inayofika kwenye kona, moto uwe wa wastani. Mwanzoni unga ni mweupe, unatoa povu dogo dogo na harufu ya ubichi. Baada ya dakika 10 hivi povu linatulia, rangi inakuwa ya mchanga na harufu inageuka ya mkate. Kwenye dakika ya 20 umefika kwenye rangi ya siagi ya karanga, na jiko linanukia korosho za kukaanga. Ukiendelea kukoroga bila kupumzisha mkono utapita kwenye shaba, kisha utafika kwenye chokoleti, kwa jumla dakika 40 au zaidi. Wakajuni wa magharibi mwa mji huu hupenda iwe nyeusi. Mimi nikiwapikia watoto naishia kwenye shaba. Kadiri ruu inavyokuwa nyeusi ndivyo uchungu wake unavyopanda, na wanga unavyovunjika kwa moto ndivyo nguvu yake ya kuufanya mchuzi kuwa mzito inavyopungua. Shaba inakupa ladha ya kukaangwa na uzito kwa pamoja.

Ukiona vidoadoa vyeusi, mwaga, osha sufuria, anza upya. Uchungu ule haufutwi na sukari wala nyanya. Rangi ikishafika unayoitaka, mimina vitunguu, hoho na selari vyote kwa mpigo. Maji yake yanaipoza ruu na kuizuia isiendelee kuungua. Itapiga kelele na mvuke utapanda usoni. Ndiyo sababu nyumbani kwangu mtoto havuki kizingiti cha jikoni mpaka vitunguu viwe vimeingia. Ruu ya moto ikikurukia inang'ang'ania ngozi, na mpishi Paul Prudhomme aliiita napalm ya Wakajuni. Mwanangu wa kwanza ndiye mwamuzi wa rangi, lakini anahukumu kutokea mlangoni: nainua mwiko, anakaza macho, ananiambia, “Bado, Baba.”

Kuna usiku mke wangu yuko zamu hospitalini na mdogo kabisa hataki kushuka mikononi. Usiku huo sigusi moto wa juu. Mafuta na unga nachanganya kwenye sufuria ya chuma, naingiza kwenye oveni kwa nyuzi 175 za Selsiasi, nakoroga kila baada ya nusu saa, na ndani ya saa moja na nusu hadi mbili ruu imeiva bila mtu kusimama jikoni. Wapo wazee watakaokunja uso wakisikia. Mzazi aliye peke yake na mtoto anayetambaa asiwasikilize.

Kesi ya pili ya watoto ni bamia. Sisi wa pwani tumekuzwa kwa mchuzi wa bamia na utelezi wake hautushughulishi, ila watoto waliozaliwa huku wengi wanaukataa. Wazazi basi wanaondoa bamia, nami nasema dawa siyo hiyo. Zikate nyembamba, zitandaze kwenye kikaango kipana chenye mafuta kidogo, na usifunike. Dakika 10 za mwanzo utelezi unazidi, kila ukiinua mwiko uzi unafuata, na mpishi mgeni hukata tamaa hapo hapo. Endelea kugeuza. Tia nyanya 2 zilizokatwa, ukali wake unasaidia kuukata utelezi. Baada ya dakika 20 au 30 nyuzi zimekwisha, vipande vimenyauka na kingo zake zimeingia hudhurungi. Hapo ndipo zihamie kwenye mchuzi. Wakajuni watakuambia nyanya ni mwiko kwenye gumbo. Wakrioli wengi wa mjini hutia, na mimi niko upande wa wakwe zangu.

Nyama ilitaka maelewano, na nasema kwa moyo mmoja kwamba wakwe zangu walinifundisha jambo. Andui, soseji ya asili ya gumbo, ni ya nguruwe. Mimi ni Mwislamu. Wao ni Wakatoliki na wameila maisha yao yote. Mama mkwe angeweza kuniwekea kisufuria changu kando na asingelaumiwa na mtu. Badala yake alibadilisha sufuria ya familia. Siku tukijumuika kuna soseji ya moshi ya ng'ombe na shingo za bata mzinga zilizofukizwa moshi, vyote vya halali, na hakuna anayekula nguruwe. Nilipomshukuru alinijibu, “Mwanangu, mchuzi unataka moshi, haujauliza wa mnyama gani.”

Anajua kila kitu kinafanya kazi gani mle ndani, ndiyo maana anajua kipi kinabadilishika. Moshi unaweza kutoka kwa ng'ombe. Uzito unaweza kutoka kwa bamia au kwa sasafrasi. Ruu haina wa kukaa mahali pake, na mtu akiiondoa eti awarahisishie watoto atakuwa amepika supu.

Mifupa haina haja ya kumtisha mtoto. Kuku namchemsha mzima, namnyambua, mifupa inarudi kwenye supu kwa saa moja kisha naichuja. Maganda ya kamba nayo nayachemsha nusu saa na kuyachuja, kwa sababu ndiko iliko ladha ya bahari. Kamba wenyewe huingia mwisho kabisa, dakika 5 tu, la sivyo wanakakamaa na mtoto anachoka kutafuna. Mtoto wa shemeji yangu ana mzio wa kamba na kaa. Akija, supu inakuwa ya kuku peke yake, kamba wanakaangwa kwa kikaango chao na kijiko chao, wanawekwa upande wa pili wa meza kwa wanaowataka. Yeye anapakuliwa mchuzi ule ule tunaopakuliwa sisi. Anaulizia kama ni ule ule, tena anauliza kila anapokuja, na inanifurahisha kumjibu ndiyo.

Vitunguu vikishaingia, jiko ni la watoto pia. Mmoja anachambua na kuosha mchele, mwingine anamenya kamba, mdogo anavunja vikonyo vya bamia kwa vidole. Kazi hizi zinawachelewesha wapishi na sijali. Mtoto aliyemenya kamba anawatafuta kwenye sahani yake mwenyewe bila kubembelezwa.

Gumbo ya siku ya pili ni tamu kuliko ya siku ya kwanza, na familia zenye watoto zinapenda kupika sufuria kubwa Jumamosi. Hadhari yake ni hii: usiingize sufuria nzima ya moto kwenye friji. Katikati yake inabaki vuguvugu saa nyingi na mchuzi unachacha, hasa wenye kamba na bamia. Igawe kwenye vyombo vifupi na vipana, ndani ya saa 2 iwe imeingia friji. Mchele upike upya, usiuchanganye na mchuzi wa kuweka.

Kwa msomaji wa Tanga, Mombasa au Unguja anayetaka kujaribu, karibu kila kitu kiko sokoni kwenu: bamia, kamba, hoho, nyanya, kuku, mchele ulio bora kuliko tunaokula huku. Soseji ya moshi ndiyo shida, wala msihangaike nayo, kamba wakavu watashika nafasi yake. Kusini mwa New Orleans kuna ghuba ya Barataria, na katika karne ya 19 Wafilipino na Wachina walijenga majukwaa juu ya maji yake, wakianika kamba juani. Kamba wakavu wangali wanapikiwa gumbo huku Louisiana. Nasi tuna uduvi. Upepete, uchambue mchanga, ukaange mkavu dakika 2 mpaka unukie, kisha utie kwenye supu tangu mwanzo, vijiko 3 vya chakula kwa lita 3. Chumvi ionjwe mwisho, maana uduvi unakuja na yake.