Hamira Inayojua Kusimama



Mama anayekanda unga wa maandazi jioni anafanya kazi na viumbe hai. Hamira ni kuvu wadogo wasioonekana kwa macho, kila mmoja akiwa na seli moja tu. Wapatapo joto na chakula, seli huchipua pembeni, kichipukizi hukua, kisha hujitenga kikawa hamira kamili. Katika hali njema kazi hiyo huchukua yapata dakika 90.

Ndani ya muda huo mfupi seli ina wajibu mzito. Maandishi yake ya urithi, yaani DNA, yamepangwa katika kromosomu 16 zenye herufi kama milioni 12. Kabla ya kugawanyika, haina budi kuyanakili yote, tena mara moja tu. Ikigawanyika mapema, mwana atarithi pungufu. Ikinakili mara mbili, atarithi ziada. Yote mawili ni madhara.

Sisi tunaotunza daftari la kamati tunaielewa hofu hiyo. Muhtasari ukigawiwa kabla ya kusomwa na kusahihishwa, kosa moja huingia katika kila nakala, na kulifuta baadaye ni taabu. Lakini seli isiyo na katibu wala mwenyekiti hujuaje kwamba bado haijawa tayari?

Mwaka 1988, huko Seattle, Marekani, wataalamu Ted Weinert na Leland Hartwell walieleza jaribio lao. Walizipiga hamira kwa miali ya eksirei, DNA ikakatika. Hamira za kawaida zilisimama, zikatengeneza palipoharibika, ndipo zikagawanyika. Nyingine, zilizokuwa na kasoro katika jeni iitwayo RAD9, hazikusimama. Ziligawanyika na majeraha yao, zikafa.

Kisha wakafanya jambo la busara. Wakazizuia kwa dawa zile hamira zenye kasoro zisigawanyike kwa saa kadhaa. Nyingi zilizokuwa zife zikapona! Kumbe uwezo wa kujitengeneza zilikuwa nao. Zilichokosa ni wa kuziambia zingoje. Hatua hiyo ya kungoja ndiyo iliyoitwa kituo cha ukaguzi.

Huenda msomaji akauliza, hamira yatuhusu nini? Mwaka 1987, nchini Uingereza, Melanie Lee na Paul Nurse walichukua jeni ya binadamu wakaitia katika hamira ya jamii nyingine, ambayo jeni yake inayoongoza mgawanyiko ilikuwa mbovu. Ile ya binadamu ikashika kazi, na hamira ikagawanyika vyema. Na jamii hiyo ya hamira ina jina la kitaalamu lililobeba neno letu la Kiswahili, “pombe”, kwa kuwa wataalamu wa Ulaya waliipata katika pombe ya nafaka iliyotoka Afrika Mashariki. Hartwell na Nurse, pamoja na Tim Hunt, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2001.

Basi katika miili yetu pia vimo vituo vya ukaguzi. Mmoja wa walinzi wake ni protini iitwayo p53, ambayo huizuia seli iliyojeruhiwa isigawanyike, na jeraha likizidi huiamuru ife. Mlinzi huyo akiharibika, seli huendelea kugawanyika na makosa yake, na makosa huzaa makosa. Hiyo ni mojawapo ya njia kuu ziletazo saratani.

Tumeyaandika haya kwa sababu majumbani mwetu saratani bado husemwa kwa minong'ono. Mgonjwa hushukiwa kuwa amelogwa, au huulizwa ametenda nini, na miezi hupita. Ukweli ni kwamba ugonjwa huanzia katika unakili wa seli, mahali ambapo hakuna jirani wa kulaumiwa wala aibu ya kufichwa. Mwanamke aliyehisi uvimbe katika titi, au anayetokwa na damu isiyo ya kawaida, aende hospitali juma hili, na mumewe amsindikize.

Hamira husimama ikajikagua kabla madhara hayajarithiwa. Nasi tusiwe wa kungoja mpaka maumivu yatusimamishe.

Tukutane juma lijalo, inshaallah.