MALI BILA DAFTARI

Wageni waendao Ziwa Bogoria nchini Kenya husifu mambo mawili: chemchemi za maji moto na makundi ya heroe. Lakini yako maandishi mengine yanayolitaja ziwa hilo bila kugusa habari za ndege wala mandhari. Hayo ni maandishi ya hataza, yaani hati za serikali zimpazo mvumbuzi haki ya pekee juu ya uvumbuzi wake, kwa kawaida kwa miaka 20. Twaona yafaa wananchi wa Mbinga na wa mwambao wa Ziwa Nyasa wayafahamu, kwa kuwa yaliyompata jirani yaweza kutupata na sisi.

Katika miaka ya 1990, hati zilizotolewa Marekani ziliyataja kwa majina maziwa ya magadi ya Kenya, Bogoria likiwamo, kuwa ndiko vilikotoka vijidudu fulani visivyoonekana kwa macho. Vijidudu hivyo hutoa vimeng'enya vinavyostahimili magadi, navyo hufaa katika sabuni za kufulia na katika kuchujusha suruali za jinzi. Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilidai sehemu ya faida ya kampuni ya Genencor, likisema sampuli zilichukuliwa pasipo idhini yake. Kampuni ilikana kosa.

Hapa pana fundisho. Hati yenyewe ilikiri ziwa ni la nani, wala haikuficha. Lakini sheria ya hataza huuliza kama uvumbuzi ni mpya. Haikuwa kazi yake kuuliza kama wenye ziwa wamepata haki yao. Mkataba wa Bioanuwai, ulioanza nguvu Desemba 1993, ndio uliotambua mamlaka ya kila nchi juu ya viumbe wake. Mwaka 2007 kampuni ya Novozymes ya Denmark ilitia sahihi mapatano na Shirika lile lile. Makubaliano sasa yakatangulia sampuli.

Hata hivyo, mapatano ya wakubwa peke yake hayatoshi. Waendorois, wenyeji wa Bogoria, walihamishwa katika miaka ya 1970, na mwaka 2010 ikatangazwa hukumu ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kwamba haki zao zilivunjwa.

Sisi tuna nini? Ziwa Nyasa lina mamia ya aina za samaki, na walio wengi hawapatikani penginepo duniani. Wale wadogo wenye rangi, wakaao miambani, hufugwa ng'ambo kama mapambo. Huko milimani Wamatengo wana kilimo cha ngoro, mashimo yazuiayo maji ya mvua yasichukue udongo. Maarifa hayo yamo vichwani na mikononi mwa watu.

Mkataba uliokubaliwa Geneva Mei 2024 wamtaka mwombaji wa hataza ataje nchi ya asili ya viumbe na wenyeji wenye maarifa ambayo uvumbuzi wake unayategemea. Ni hatua njema. Lakini nani atamsuta mwongo ikiwa sisi wenyewe hatukuandika?

Basi kila serikali ya kijiji, toka Lituhi hadi Mbamba Bay, na iwe na daftari: nani amekuja, amechukua nini, wapi, na kwa kibali gani cha Tume ya Sayansi na Teknolojia. Mvuvi na mkulima wasione haya kuuliza. Wahenga walikwisha kutuonya: mali bila daftari hupotea bila habari.