Bei ya zahabu iko mu simu, mizani iko kwa négociant

Ndugu wachimbaji, na mama zetu wenye kutwanga mawe kule Kamituga, tuongee juu ya hii intaneti ya mbio.

Zamani mtu akitoka mu shimo, bei alikuwa anaisikia kwa négociant tu. Leo kijana ananunua mega, anafungua simu, anaona bei ya London ya asubuhi na ya mchana. London inahesabu kwa onsi, ndiyo gramu 31,1. Mu mwaka 2020 onsi ilipita dola 2000, ni kusema dola 64 hivi kwa gramu. Mwezi wa kumi 2025 ikapita 4000: gramu karibu dola 129. Ile ni zahabu safi kabisa. Yetu iko na uchafu, kupunguza kidogo ni haki. Kidogo, nasema.

Nani amepata faida? Négociant, sana. Anaongea na comptoir ya Bukavu kwa dakika moja, anatuma makuta kwa M-Pesa ao Airtel Money bila kutembeza dola mu barabara ya Mwenga. Na tangu mabenki ya Bukavu yafunge milango mwezi wa pili 2025, simu ndiyo imekuwa benki yetu. Mama wa duka pia anaagiza sukari bila kupanda gari.

Mchimbaji anapata kidogo, juu ya deni. Mwenye kukulisha miezi mitatu, mwenye kulipa motopompe na mbao, ni yeye utamuuzia, kwa bei yake na mizani yake. Simu inaonyesha bei ya London, na weye unanyamaza.

Tena intaneti inakatwa. Tarehe 31 Desemba 2018, kiisha uchaguzi, serikali iliifunga inchi nzima karibu siku 20. Siku kama hizo ni nani anajua bei?

Kwangu mimi, koperative ilipe connexion moja, iandike bei kila asubuhi mu ubao kwenye carré, na inunue mizani yake yenyewe. Na deni iandikwe kwa dola, hapana kwa gramu. Mwenye alikopa dola 100 mu 2020 wakamuandikia gramu moja na nusu na kitu, mu 2025 gramu zile zile zilikuwa dola 200. Hata hajaongeza kula. Hesabu hiyo mufanye leo jioni, na daftari ya deni mbele yenu.